Usingizi Haulazimishwi: Mwili, Taswira na Mapumziko ya Usiku

Morogoro, mji ambao wenyeji wake huuita kwa fahari "mji kasoro bahari", umejilaza chini ya milima ya Uluguru. Mtu akiinua macho kutoka mjini huona miteremko yenye migomba na mashamba, na juu ya mashamba msitu, na juu ya msitu kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano. Kusini zaidi upo uwanda wa juu wa Lukwangule, na kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Katika misitu hiyo ndimo zilimo chemchemi za mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam.

Huenda msomaji akashangaa kuona makala ya usingizi inaanza kwa kutaja milima. Sababu ni kwamba mahali patulivu, ambapo mtu anapajua kwa macho, kwa masikio na kwa ngozi yake, ni kifaa cha kweli katika elimu ya usingizi, na mwanafunzi anayegaagaa kitandani katika bweni lililo chini ya Uluguru anacho kifaa hicho bila ya kukinunua. Ila hapana budi kwanza kueleza jinsi usingizi unavyopotea.

Kukesha kwa ajili ya mtihani

Kila mwaka mitihani ya taifa ikaribiapo, taa za mabweni huchelewa kuzimwa. Wapo wanafunzi wanaokesha kwa hiari, na hadithi ya beseni la maji baridi inajulikana katika shule nyingi za bweni: mwanafunzi hutumbukiza miguu ndani ya maji ili asisinzie juu ya daftari. Wapo wengine ambao wangependa kulala lakini hawawezi. Hulala chali saa nne usiku, na saa nane wangali wakihesabu alama walizopoteza katika jaribio la hisabati.

Makundi haya mawili yanapata hasara moja. Mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwafundisha wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya saa moja, mbili, nne na nane. Baada ya saa nane za kulala, wanafunzi hao waliweza kukumbuka takriban nusu ya silabi. Baada ya saa nane za kuwa macho, walikumbuka takriban sehemu moja tu katika kumi. Watu wawili ni wachache mno kwa kujenga juu yao nadharia nzima, lakini majaribio mengi ya baadaye yameyathibitisha matokeo hayo kwa ujumla: usingizi ni wakati ambapo ubongo hupanga na kuimarisha yale yaliyosomwa mchana. Anayekesha juu ya kitabu usiku kucha hufanana na mkulima anayevuna mahindi mfululizo wala hayaingizi ghalani.

Kengele ya hatari

Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akitazama kwa eksirei jinsi tumbo la paka linavyosaga chakula. Aliona kwamba paka akitishwa, tumbo husimama mara moja. Uchunguzi huo ulimpeleka mbali, na mwaka 1915 alitoa kitabu kilichoeleza jinsi mwili mzima unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapokabiliwa na hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukazana, ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu. Cannon anaeleza humo jambo litakalowagusa wanafunzi. Wanafunzi tisa wa udaktari, ambao kwa kawaida mkojo wao haukuwa na sukari, walipimwa baada ya mtihani mgumu, na wanne kati yao wakakutwa na sukari katika mkojo. Baada ya mtihani ulio rahisi zaidi, alikutwa nayo mmoja tu. Hakuna simba aliyewafukuza vijana hao. Karatasi ya maswali ilitosha.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mwili haupambanui sana kati ya chui aliye mlangoni na wazo la chui. Mwanafunzi aliyelala gizani akiwaza juu ya ada ambayo haijalipwa, au juu ya baba atakayeuliza matokeo, anaipiga kengele ile ile ya hatari, na hakuna kiumbe awezaye kulala huku kengele ikilia. Tena akishatambua kwamba hajalala, huanza kuuhofia usiku wenyewe: "Nisipolala sasa, kesho nitafeli." Basi hujilazimisha. Hufumba macho kwa nguvu, hubana meno, huamuru usingizi uje. Juhudi ni kazi, na kazi huamsha mwili. Mambo mengi shuleni hufanikiwa kwa kukazana, hili halimo.

Utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania una jambo la kufundisha. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi, ulioongozwa na Gandhi Yetish na Jerome Siegel, juu ya usingizi wa jamii tatu zinazoishi kwa kuwinda, kukusanya chakula porini au kulima kidogo bila ya umeme: Wahadza wanaokaa karibu na ziwa Eyasi, Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia. Wengi walitarajia kwamba watu hao hulala saa nyingi kuliko wakazi wa mijini. Haikuwa hivyo. Walilala kwa wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, tena hawakulala mara tu jua lilipotua. Walikaa macho saa tatu hivi baada ya magharibi. Lakini ugonjwa wa kukosa usingizi ulikuwa nadra sana kwao. Kwa hiyo idadi ya saa siyo jambo pekee la kutazamwa. Watu hao walipata usingizi wakati hewa ya usiku ilipokuwa ikiendelea kupoa, na wengi waliamka kabla ya jua kuchomoza.

Kupoa huko kuna maana. Kabla ya usingizi kuingia, joto la ndani ya mwili hushuka kidogo, nalo hutokea nje kwa njia ya mikono na miguu, ambako mishipa midogo ya damu hupanuka. Mwaka 1999 Kurt Kräuchi na wenzake wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba miguu iliyopata joto ni mojawapo ya dalili bora za kutabiri kuwa mtu atasinzia upesi. Wanafunzi wa beseni walikuwa wamekwisha kuigundua kanuni hiyo upande wake wa pili: maji baridi hufunga mishipa ya miguu, joto hubaki ndani, na macho hukataa kufumba. Anayetaka kulala na afanye kinyume chake, akaushe miguu na kuifunika.

Mwili ukipumzika bila kazi

Katika karne ya ishirini wataalamu kadhaa walitafuta njia ya kuizima kengele ya hatari kwa makusudi. Edmund Jacobson wa Marekani alifundisha watu kukaza na kulegeza misuli, kundi moja baada ya jingine, mpaka waujue mkazo waliokuwa nao bila ya kujijua. Mwaka 1975 Herbert Benson wa Harvard aliandika juu ya hali ya mwili iliyo kinyume cha ile ya Cannon: pumzi hupungua, moyo hutulia, misuli hulegea. Mashariki, hasa Uhindi, maarifa ya namna hiyo yalikuwako zamani za kale chini ya jina la yoga.

Jina hilo huwatia baadhi ya wazazi wasiwasi, kwa kuwa yoga ilikua pamoja na dini na falsafa za Uhindi. Hofu hiyo haifai kudharauliwa, lakini mikao inayozungumzwa hapa haina sala wala maneno ya ibada ndani yake, na anayetaka anaweza kuyatumia bila ya kulitaja jina. Aina inayofaa kwa usingizi ni yoga ya mapumziko. Chanzo chake cha karibu ni mwalimu B. K. S. Iyengar wa mji wa Pune, aliyezoea kuwaegemeza wanafunzi wake kwa viti, kamba, mito na mablanketi ili hata mgonjwa aweze kukaa katika mkao bila ya kujichosha. Katika yoga ya mapumziko mtu havuti msuli wala hashindani na mwenziwe. Mwili huegemezwa kila upande mpaka misuli isiwe na la kufanya.

Mkao ulio maarufu kuliko yote hauhitaji chochote ila ukuta. Mtu hulala chali juu ya mkeka, matako yakiwa karibu na ukuta, na miguu huegemezwa juu ukutani, magoti yakiwa yamelegezwa. Kanga iliyokunjwa huwekwa chini ya kiuno na nyingine chini ya kichwa. Hukaa hivyo dakika tano hadi kumi. Fiziolojia yake si ngumu. Damu iliyokuwa imetuama katika vena za miguu hurudi kifuani kwa uzito wake, na moyo hujaa vizuri zaidi. Katika kuta za ateri kubwa za shingo na za karibu na moyo mna vipokezi vinavyopima mvutano wa damu. Hivyo huupelekea ubongo habari kwamba shinikizo linatosha, na ubongo, kwa njia ya neva ya vagasi, huuamuru moyo upunguze mwendo. Mtu hakuamuru moyo wake utulie, maana hawezi. Ameubadilisha mkao tu, na mwili umejiamulia wenyewe.

Mkao wa pili ni kulala chali, blanketi lililoviringishwa likiwa chini ya magoti, mikono ikiwa mbali kidogo na mbavu, viganja vikitazama juu. Huu unafaa kufanyiwa kitandani penyewe. Kwenye mkao huo huongezwa jambo moja la pumzi: kutoa hewa kuchukue muda mrefu kuliko kuiingiza, kama hesabu ya nne kwa sita. Mwalimu wa biolojia anaweza kuwaonyesha wanafunzi sababu yake darasani. Kila mmoja aweke vidole juu ya mshipa wa mkono, apumue polepole sana, na asikilize: mapigo huharakisha kidogo hewa iingiapo na kupungua itokapo. Katika vijana tofauti hiyo huonekana wazi kuliko katika wazee.

Mwenye shinikizo la damu la juu, ugonjwa wa macho wa presha au mimba iliyokua asiweke miguu ukutani mpaka amwulize daktari.

Safari ya fikira

Mwili ukishatulia, hubaki maneno. Wasiwasi wa usiku huja zaidi kwa sura ya maneno: masuto, hesabu, hotuba ambazo mtu angependa kumtolea mwalimu wake. Kuyafukuza hakusaidii, ukiambiwa usimfikirie tembo, tembo amekwisha ingia. Njia iliyo bora ni kuijaza akili kitu kingine kinachochukua nafasi kubwa kuliko maneno, na kitu hicho ni taswira.

Taswira ina nguvu juu ya mwili, na jambo hili halihitaji maabara. Mwalimu na awaambie wanafunzi wafumbe macho, kisha awaeleze polepole embe bichi linavyomenywa, linavyokatwa vipande, linavyonyunyiziwa chumvi na pilipili, na kipande cha kwanza kinavyowekwa ulimini. Kabla hajamaliza, vinywa vitakuwa vimejaa mate. Hakuna embe chumbani. Mwaka 2014 Bruno Laeng na Unni Sulutvedt wa Oslo, Norwei, walipima mboni za macho ya watu waliofikiria vitu mbalimbali, wakaona kwamba anayefikiria anga lenye jua kali mboni zake husinyaa kana kwamba mwanga upo kweli. Ikiwa wazo la chui hupiga kengele, basi wazo la mahali pa salama laweza kuinyamazisha.

Allison Harvey na Suzanna Payne walilijaribu jambo hilo huko Oxford, Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Watu 41 wenye tatizo la kukosa usingizi waligawanywa mafungu matatu. Fungu moja liliambiwa lifikirie mandhari ya kupendeza na yenye kutuliza, la pili liondoe mawazo ya wasiwasi kwa njia yoyote, la tatu halikupewa maelekezo. Waliojenga mandhari walisema kwamba walipata usingizi mapema zaidi na kwamba mawazo hayakuwasumbua sana. Waliojitahidi kuondoa mawazo tu hawakufaidika. Yafaa kuangalia kwamba taswira ilitakiwa iwe ya kuvutia. Kuhesabu kondoo hushindwa kwa sababu kondoo hawajazi akili, na nyuma yao maneno hupata mwanya.

Basi mahali gani? Pasiwe pa kubuni, bali palipokwisha kanyagwa na miguu. Kwa mwanafunzi wa Morogoro, njia inayopanda kutoka mjini kwenda Morning Side, penye nyumba ya zamani iliyojengwa wakati wa Wajerumani, inafaa sana, kwa kuwa ina mengi ya kusikika na kuguswa. Kiongozi wa bweni au mwalimu anaweza kusoma maneno kama haya, kwa sauti ya chini, akinyamaza pumzi mbili tatu baada ya kila sentensi:

"Acha kitanda kiubebe mwili wako. Umeketi juu ya jiwe kando ya kijito, nusu ya njia ya mlima. Safari ya kupanda imekwisha. Huna pa kwenda. Jiwe bado lina joto la mchana, unalisikia mapajani. Maji yanapita kulia kwako, na sauti yake haibadiliki. Kuna harufu ya udongo uliolowa na majani ya migomba. Wanawake wawili wanateremka na vikapu vyao, wanakusalimu, unaitikia, nyayo zao zinapotea chini. Hewa inayotoka msituni inakugusa mashavu. Sasa ukungu unashuka. Unayafunika mashamba ya juu. Unazifunika paa za mji, moja moja. Stesheni haionekani tena. Maji yanapita. Ukungu uko karibu."

Hakuna tukio katika maneno hayo, wala swali, wala jambo la kushinda. Anayesoma asiwaage wasikilizaji mwishoni. Aache tu maneno yawe machache zaidi na zaidi, kisha anyamaze. Taa izimwe kabla hajaanza.

Mwanafunzi aliyetoka Ukerewe ana ziwa lake, na aliyetoka Pemba ana pwani yake na mikarafuu. Wasilazimishwe kupanda Uluguru. Wala mahali pazuri kwa mmoja si pazuri kwa wote. Kijana ambaye nyumba yao ilichukuliwa na mafuriko hatatulizwa na sauti ya kijito. Wapo pia watu wasioona picha yoyote wakifumba macho, hali iliyoelezwa na Francis Galton tangu mwaka 1880. Wao si wagonjwa. Watumie sauti, joto na harufu badala ya sura.

Mambo ambayo taswira haiyawezi

Itakuwa ni kuwadanganya wasomaji kusema kwamba mkao na taswira hutibu kila namna ya kukosa usingizi. Tafiti za yoga ya mapumziko ni chache na nyingi zimehusisha watu wachache. Kwa watu wazima wenye tatizo la muda mrefu, chama cha madaktari wa tiba cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza iwe mafunzo ya kubadili mawazo na mazoea ya kulala, kabla ya vidonge. Sehemu moja ya mafunzo hayo ilibuniwa na Richard Bootzin mwaka 1972: kitanda kiwe cha kulala tu, na mtu akikosa usingizi aondoke kitandani mpaka usinzie. Katika bweni, ambamo kitanda ni meza, kabati na baraza, ushauri huo una taabu yake. Hata hivyo shule yaweza kuacha darasa moja wazi jioni ili vitabu visipandishwe vitandani.

Chai ya rangi ya saa mbili usiku nayo ina sehemu yake. Mchana kutwa kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kuleta uzito wa usingizi. Kafeini huziba milango ambamo adenosini hupitisha habari zake. Baada ya saa tano hivi, takriban nusu ya kafeini iliyonywewa ingali mwilini.

Ya kuogopwa hasa ni diazepamu na vidonge vya jamii yake vinavyonunuliwa bila ya cheti cha daktari. Vinaleta usingizi, lakini mwili huvizoea, na mtu akiviacha ghafla usiku wake huwa mbaya kuliko mwanzo. Mwanafunzi ambaye hajalala vizuri kwa wiki kadhaa, au anayeamka alfajiri na kulia bila ya sababu, au anayesema kwamba maisha hayana faida, asisomewe habari za kijito na ukungu. Aongozwe siku hiyo hiyo kwenda hospitali, na asiachwe aende peke yake. Vivyo hivyo yule ambaye moyo hudunda ovyo na mwili hukonda ingawa anakula, kwani tezi ya shingo iliyozidisha kazi huweza kumnyima mtu usingizi kwa njia isiyohusiana na mawazo.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, zoezi lafaa lianze mapema, katika majuma ambayo hakuna mtihani. Taswira hujengeka kwa kurudiwa. Usiku wa kwanza wengine watacheka, na usiku wa tatu mmoja atakoroma kabla ukungu haujafika mjini. Baada ya wiki mbili au tatu mwanafunzi hahitaji tena msomaji: hulala chali, huweka blanketi chini ya magoti, hutoa pumzi ndefu, na jiwe la kando ya kijito humjia lenyewe, likiwa na joto lake la mchana.